Lucy Wills: daktari aliye nyuma ya kidonge chako cha kuongeza damu

Mama, ukienda kliniki ya wajawazito Nachingwea au Ruangwa, utatobolewa kidole, utapimwa wingi wa damu, kisha utapewa vidonge vya FEFO ukameze nyumbani. Huenda unavyo sasa hivi na hujavigusa kwa sababu vinakuletea kichefuchefu. Huenda pia jirani amekushauri uviache ununue dawa ya mitishamba ya Kichina ya kuongeza nguvu na damu. Kabla hujaamua, soma habari za mwanamke aliyetafuta kwa miaka kitu ambacho kweli kinaongeza damu ya mjamzito.

Alikotoka

Lucy Wills alizaliwa mwaka 1888 karibu na mji wa Birmingham, Uingereza. Alisomea elimu ya mimea na miamba Cambridge na kumaliza mitihani mwaka 1911, lakini hakupewa shahada, kwa kuwa wakati huo chuo hicho hakikuwapa wanawake shahada. Mwaka huohuo baba yake alifariki, na mwaka 1913 akafiwa na dada yake. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914 alikuwa Afrika Kusini, akajitolea kuuguza wagonjwa Cape Town. Kisha alirudi London, akajiunga na shule ya udaktari ya wanawake na kuhitimu mwaka 1920, akiwa na umri wa miaka 32.

Kazi yake Bombay

Mwaka 1928 alikwenda India, katika mji wa Bombay ambao leo unaitwa Mumbai. Huko wanawake maskini waliofanya kazi katika viwanda vya nguo walikuwa wakipungukiwa damu vibaya wanaposhika mimba, na wengine walifariki. Upungufu huo ulikuwa wa namna yake: chembe nyekundu za damu zilikuwa chache, na zilikuwa kubwa kuliko kawaida.

Kwanza Lucy alidhani ni vijidudu. Alivitafuta, hakuvipata. Ndipo akageukia sufuria za akina mama hao, akaona kwamba walioumwa zaidi ndio waliokula mboga, matunda, maziwa na nyama kwa nadra. Aliwalisha panya na kima chakula hafifu kama hicho, nao wakapungukiwa damu. Kima mmoja aliyekuwa hoi alipewa Marmite, rojo nyeusi ya hamira ambayo Waingereza hupaka kwenye mkate, akapata nafuu.

Lucy hakutosheka na kima mmoja. Aliwapa rojo hiyo akina mama wagonjwa, akapima damu yao kabla ya matibabu na baada yake. Damu ilipanda. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1931, ingawa hakujua bado ni kitu gani ndani ya hamira kilichofanya kazi hiyo. Miaka kumi baadaye, mwaka 1941, wanasayansi walikipata katika majani ya spinachi na kukiita asidi ya foliki, jina linalotokana na neno la Kilatini lenye maana ya jani. Mwaka 1991, utafiti mkubwa ulithibitisha kwamba kirutubisho hicho kinapunguza pia hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi.

Lucy hakuishi kuyaona hayo ya mwisho. Alifanya kazi hospitalini London hadi mwaka 1947, akienda kazini kwa baiskeli. Alipostaafu aliendelea kusafiri kuchunguza lishe, Jamaika na Fiji, na alikuwa diwani katika eneo la Chelsea. Hakuolewa. Alifariki mwaka 1964.

Hii inakuhusu vipi?

FEFO ni madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki. Kila unapokimeza kidonge hicho, unapata kile ambacho Lucy alikiona kikifanya kazi Bombay.

Na ile dawa ya Kichina? Waganga wa China wana mchanganyiko wa siku nyingi uitwao Bazhen, yaani hazina nane. Una mimea minane: minne ya kuimarisha qi, ambayo wao huielewa kuwa ni nguvu ya uhai mwilini, na minne ya kuimarisha damu. Hatuwadharau, hamira nayo ilionekana kitu cha jikoni tu. Lakini mmoja wa mimea hiyo, danggui, haushauriwi kwa mjamzito bila usimamizi wa daktari. Tena pakiti ya sokoni huwezi kujua ndani yake mna nini. Basi uliza swali la Lucy: damu ilipimwa kabla, ikapimwa na baada? Kama umeshaanza kuitumia, usifiche. Mwonyeshe mhudumu wa kliniki pakiti yenyewe.

Fanya hivi

- Anza kliniki mapema, mara unapohisi una mimba. Mgongo wa mtoto huumbika katika wiki za mwanzo kabisa.
- Meza FEFO kila siku. Kikikuletea kichefuchefu, kimeze baada ya chakula au usiku kabla ya kulala. Choo kuwa cheusi ni kawaida.
- Usikimeze kwa chai wala kahawa, maana huzuia chuma kuingia mwilini. Tumia maji, na ule chungwa, embe au ubuyu.
- Pika kunde, mbaazi, choroko, dagaa na mboga za majani. Usichemshe mboga kwa muda mrefu. Asidi ya foliki hupotea kwa moto na maji.
- Lala ndani ya chandarua, na umeze dawa za kuzuia malaria na za minyoo unazopewa kliniki. Malaria na minyoo hupunguza damu.
- Kama una selimundu, mwambie mhudumu kabla ya kuanza vidonge vyenye chuma.

Ukiwa mjamzito na kipimo kikaonyesha chini ya 11, una upungufu wa damu. Ukihisi moyo kwenda mbio, ukihema kwa shida, au viganja na midomo vikiwa vyeupe, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Na siku ya kliniki ijayo, omba upimwe damu tena, ulinganishe namba mbili kwenye kadi yako.