De Havilland: Aliyeunda ndege kwa hesabu ya mwenye mabasi

MFANYABIASHARA anayenunua gari la abiria huuliza mambo mawili kabla ya kutoa fedha zake: linakula mafuta kiasi gani, na vipuri vyake vinapatikana wapi. Mwingereza Geoffrey de Havilland alifanikiwa katika biashara ya ndege kwa sababu aliyajali maswali hayo.

Alizaliwa mwaka 1882, mtoto wa kasisi. Baada ya kusomea uhandisi aliajiriwa na kampuni ya kutengeneza mabasi, lakini moyo wake ulikuwa kwenye ndege. Mtaji wake wa kwanza, pauni 1,000, alipewa na babu yake mzaa mama. Mkewe, Louise, alishona vitambaa vya mabawa kwa cherehani. Desemba 1909 ndege hiyo ilivunjika bawa katika jaribio lake la kwanza, ikaanguka. Mwenyewe alinusurika, na injini ikaokolewa. Akaifunga kwenye ndege ya pili, iliyoruka vizuri mwaka 1910. Kiwanda cha serikali cha Farnborough kikainunua kwa pauni 400 na kumpa kazi.

Mwaka 1920 alianzisha kampuni yake Stag Lane, kaskazini mwa London. Miaka mitano baadaye akatoa Moth, ndege ndogo ya watu wawili iliyopendwa sana na vilabu vya urubani.

Mwaka 1932 alijitokeza mteja wa aina yake. Edward Hillman, mwenye mabasi wa Essex, alikuwa ameanza kusafirisha abiria kwa Fox Moth, ndege ya injini moja ya de Havilland. Sasa alitaka kubwa zaidi, ya injini mbili, kwa ajili ya safari za Paris.

Kampuni haikutafuta injini mpya. Mbunifu wake, Arthur Hagg, alichukua Gipsy Major mbili, zilezile zilizokuwa zikitumika kwenye ndege ndogo. Kiwiliwili kilikuwa cha plaiwudi, na mabawa ya juu na chini yakavikwa kitambaa. Ndege hiyo, Dragon, iliruka Novemba 1932 ikiwa na nafasi ya abiria sita na rubani mmoja. Fundi aliyeijua injini ya ndege ndogo hakulazimika kujifunza upya, na vipuri vilikuwa vilevile. Mwaka 1933 Hillman akaanza safari za Paris kwa nauli nafuu.

Mwaka 1934 ilifuata Dragon Rapide, yenye injini za nguvu zaidi. Ziliundwa zaidi ya 700. Shirika la East African Airways lilipoanza kazi mwaka 1946, lilianza na ndege hizo.

Mafanikio hayo yalikuwa na gharama kubwa kwa familia. Wanawe wawili walikufa wakijaribu ndege za kampuni, John mwaka 1943 na Geoffrey mdogo mwaka 1946. De Havilland mwenyewe alifariki mwaka 1965 akiwa na umri wa miaka 82.

Kwa mkulima anayetaka trekta au mashine ya kukoboa, funzo ni hili: kabla ya kuvutiwa na ukubwa wake, uliza kama fundi wa jirani anaijua injini yake. Mashine iliyosimama shambani kwa kukosa kipuri hailipi mkopo.