Lloyd Bridges: Rais wa vichekesho ambaye hakucheka

MWISHONI mwa mwaka 1978, majeshi ya Uganda yakiwa yamekwisha kuivamia Kagera, Idi Amin alitoa pendekezo la ajabu. Alitaka yeye na Mwalimu Julius Nyerere waingie ulingoni wapigane ngumi, na bondia Muhammad Ali awe mwamuzi. Walimwengu walicheka. Katika Mkoa wa Mara, alikozaliwa Mwalimu, kicheko hicho hakikuwa na nafasi kubwa. Tarime ni wilaya iliyotoa askari tangu enzi za King's African Rifles, na safari hii nayo vijana wake walikuwamo safarini kuelekea Uganda. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979, mmoja wa makamanda wakuu wa vita hiyo akiwa David Musuguri, mwana wa Butiama.

Miaka 15 hivi baada ya tambo za Amin, wazo la marais wawili kumaliza vita kwa mikono yao wenyewe lilionekana katika sinema ya Hollywood. Bila shaka waandishi wake hawakuwa wakimfikiria Amin. Sinema hiyo, Hot Shots! Part Deux, ilitoka Mei 1993, ikiwa ni mwendelezo wa Hot Shots! ya mwaka 1991. Ndani yake Rais wa Marekani, mzee mwenye fahamu za kuja na kuondoka aitwaye Tug Benson, anajipeleka mwenyewe Iraq, akiwa amevaa vazi la mzamiaji, na kupambana kwa upanga na Saddam Hussein. Mzee huyo aliigizwa na Lloyd Bridges. Alikuwa na umri wa miaka 80.

Vijana wengi waliomfahamu katika kanda za video walidhani ni mchekeshaji wa siku zote. Ukweli ni kwamba alianza kuchekesha akiwa amekwisha kuuzeesha uso wake katika kazi za huzuni, vita na uhasama.

Bridges alizaliwa Januari 15, 1913 huko San Leandro, California. Alisoma sayansi ya siasa katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na hapo ndipo alipokutana na Dorothy Simpson, ambaye alimwoa mwaka 1938. Mwaka 1941 aliajiriwa na kampuni ya Columbia, iliyompa kazi nyingi ndogondogo, za watu wanaoingia, wanasema neno moja na kutoka.

Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyompa sura ya askari. Mwaka 1943 alionekana katika Sahara, akiwa mmoja wa askari waliokwama jangwani Libya pamoja na Humphrey Bogart. Jangwa lenyewe lilikuwa California. Wakati huohuo wanaume kutoka vilima vya Ukurya walikuwa katika vita ya kweli, wengine wakielekea misitu ya Burma ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana mwaka 1944. Si haki kumlaumu Bridges kwa hilo, kwani naye aliacha studio akajiunga na Walinzi wa Pwani wa Marekani. Aliporejea alicheza A Walk in the Sun, sinema ya mwaka 1945 kuhusu kikosi cha askari wa miguu nchini Italia. Ni kazi isiyo na makelele: askari wanatembea, wanaogopa, wanazungumza ili wasiogope.

Kisha likaja jambo ambalo wanaomsifu hupenda kulipita haraka. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Bunge la Marekani lilikuwa likiwasaka wakomunisti katika Hollywood. Bridges alikuwa amejiunga na Actors' Laboratory Theatre, kundi la maigizo lililohusishwa na chama hicho. Alikiri, milango ya kazi ikaanza kufungwa, naye akaukana uanachama wake na kushirikiana na kamati. Milango ikafunguka.

Katika wakati huohuo, mwaka 1952, alicheza High Noon. Humo yeye ni naibu wa mkuu wa polisi wa mji mdogo, kijana mwenye kinyongo anayemwacha bosi wake akabiliane peke yake na majambazi. Mwandishi wa sinema hiyo, Carl Foreman, aliitwa mbele ya kamati, akakataa kutaja wenzake, na akalazimika kuhamia Uingereza. Ni vigumu kuitazama leo bila kukumbuka nani alisimama na nani alikaa. Bridges alikuwa na mke na watoto wa kulisha, na hofu ya nyakati zile haikuwa ya kubuni. Hata hivyo Foreman naye alikuwa na familia.

Televisheni ndiyo iliyompa utajiri wa jina. Kati ya mwaka 1958 na 1961 alikuwa mzamiaji Mike Nelson katika Sea Hunt, mfululizo wa vipindi 155. Vazi la mzamiaji analolivaa Rais Benson ni utani juu ya kazi hiyo. Mwaka 1977 alikuja na sura nyingine katika Roots, hadithi ya kizazi cha Kunta Kinte, akiwa Evan Brent, mbaguzi anayewatesa Weusi walioachiwa huru baada ya vita ya wenyewe kwa wenyewe. Aliicheza kwa namna ya kuchukiza kweli.

Ukurasa wa mwisho wa maisha yake ulifunguliwa mwaka 1980 na Jim Abrahams pamoja na ndugu wawili, David na Jerry Zucker. Walikuwa wakitengeneza Airplane!, dhihaka ya sinema za ndege zinazokaribia kuanguka. Hawakuwatafuta wachekeshaji, bali waigizaji wa kazi nzito, wakawataka waseme upuuzi kana kwamba ni taarifa ya msiba. Bridges alikuwa amewahi kuwa meneja wa uwanja wa ndege katika mfululizo wa televisheni wa mwaka 1970. Sasa akawa msimamizi wa safari za ndege ambaye, kila mambo yanapoharibika, anarudia ulevi mmoja zaidi kati ya aliodai kuuacha wiki hiyohiyo. Hacheki hata mara moja.

Abrahams alimchukua tena kwa Hot Shots! zote mbili. Katika ya kwanza, iliyoidhihaki Top Gun, Benson ni admirali ambaye karibu kila kiungo chake ni cha bandia kutokana na vita alivyopigana. Katika ya pili amekuwa rais, na shabaha ni Rambo. Charlie Sheen anavaa kitambaa kichwani na kurusha kuku kwa upinde baada ya mishale kumwishia. Pembeni ya skrini kunatokea hesabu ya maiti, ikipanda kama magoli, hadi sinema inajitangaza kuwa imezipita nyingine zote kwa umwagaji damu.

Kwangu mimi kipande hicho ndicho kiini chake. Vibanda vya video vya miaka ya 1990 vilijaa vijana waliomshangilia Rambo, na nyumbani kwao wengine walikuwa na mjomba aliyekwenda Uganda na hakurudi, au aliyerudi na hakuzungumza. Rambo hakuwahi kuhesabu maiti zake. Sinema ya kipuuzi ndiyo iliyozihesabu. Na Benson, mwenye viungo vya bandia na kumbukumbu iliyopotea, ndiye peke yake katika hadithi yote anayeonyesha kwamba vita humla mtu vipandevipande, tena kwa uso uleule mkavu wa askari wa mwaka 1945.

Bridges hakustaafu. Mwaka 1997 alionekana katika Seinfeld kama mzee wa miaka 80 asiyeweza kukataa shindano la nguvu. Alifariki dunia Los Angeles, Machi 10, 1998, akiwa na miaka 85, akiwaacha mkewe Dorothy, binti yao Lucinda, na wanawe Beau na Jeff, wote wawili waigizaji. Moja ya sinema zake za mwisho, dhihaka nyingine ya Abrahams, safari hii juu ya mafia, ilifika katika kumbi miezi minne baadaye, na watazamaji wakamcheka tena.