Mchungaji King na Nyumba ya Mtaa wa Hamlin

Jina la Dkt. Martin Luther King si geni kwenu. Wengi wenu mwamjua kwa habari ya mabasi ya Montgomery na maandamano makubwa ya Washington. Safari hii twapenda kueleza sehemu ya maisha yake ambayo haisimuliwi sana, yaani jinsi alivyopanga nyumba mbovu kwa kusudi katika mji wa Chicago. Tumeichagua kwa sababu vijana wetu wanaokodi vyumba pamoja hapa Isingiro hutuuliza mara kwa mara swali moja: nyumba ikiwa ya hatari, je, mpangaji bado amefungwa na mkataba wake?

Martin Luther King alizaliwa Atlanta tarehe 15 Januari 1929, mtoto wa mchungaji wa Kibaptisti. Alikuwa hodari wa masomo. Aliingia chuo akiwa na miaka 15 tu. Mwaka 1951 alikwenda Boston kusomea udaktari wa falsafa katika mambo ya dini. Huko alikuta vibao vya vyumba vya kupangisha, lakini wenye nyumba walipoona ni mtu mweusi waliyeyuka: chumba kimekwisha kuchukuliwa. Mwishowe alipanga pamoja na mwanafunzi mwenzake. Tukio hilo hakulisahau.

Mwaka 1954 akawa mchungaji Montgomery. Tarehe 5 Desemba 1955 watu weusi wa mji huo walianza kususia mabasi, wakatembea kwa miguu siku 381 mpaka ubaguzi ndani ya mabasi ukaondolewa. Katika siku hizo nyumba yake ilitupiwa bomu, mkewe na mtoto mchanga wakiwamo ndani, nao hawakudhurika. Mwaka 1964 alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Haya mnayajua, wala hatuna haja ya kuyarefusha.

Jambo lililomsumbua baadaye lilikuwa hili. Sheria mpya zilimruhusu mtu mweusi wa Kusini kukaa kiti chochote cha basi, lakini katika miji ya Kaskazini, ambako hapakuwa na vibao vya ubaguzi, watu wake waliishi katika nyumba zilizooza. Basi mwezi Januari 1966 alihamia Chicago. Alichagua ghorofa ya tatu ya jengo la nambari 1550, mtaa wa Hamlin, upande wa Lawndale. Mlango wa chini haukuwa na kufuli, na ukumbi wa kuingilia ulinuka mkojo. Mwenye nyumba aliposikia mpangaji wake mpya ni nani, alileta mafundi wa plasta, rangi na umeme kwa haraka sana. Watu wa mji wakafanya mzaha kwamba Dkt. King akihamia kila jengo kwa zamu, Chicago nzima itatengenezwa.

Tuliokuwa walimu hatuwezi kupita hapa bila kufanya hesabu. Dkt. King mwenyewe alieleza kwamba yeye alitozwa kama dola 90 kwa mwezi kwa vyumba vinne vibovu, na ya kwamba mahali walipoishi wazungu watu walilipa kama dola 80 kwa vyumba vitano na nusu, tena vya kisasa. Gawanyeni wenyewe: mtu mweusi alilipa dola 22 na nusu kwa chumba, mzungu dola 14 na nusu hivi. Aliyepewa kilicho kibaya ndiye aliyelipa zaidi.

Msomaji atauliza kwa nini wasihame. Wangehamia wapi? Mipaka ya mitaa ya watu weusi ilikuwa imefungwa na mawakala wa nyumba na mabenki, na aliyetoka jengo moja bovu aliingia jingine kama hilo. Sheria nayo haikumsaidia mpangaji. Ilitoka Uingereza ya zamani, wakati kukodi kulikuwa hasa kukodi shamba. Mkulima alilipia ardhi, na kibanda kilichokuwa juu yake kikivuja ni shauri lake. Kwa hiyo mahakama nyingi zilishika kwamba wajibu wa kulipa kodi hautegemei wajibu wa kutengeneza paa. Kwa mkulima wa migomba sheria hiyo yaweza kueleweka. Lakini mama aliye ghorofa ya tatu amekodi shamba gani?

Mwezi Februari 1966, wakati wa baridi kali, Dkt. King aliona jengo katika mtaa wa Homan ambamo jamaa kadhaa waliishi bila joto. Ni vema tufafanue kwamba baridi ya Chicago si ile ya asubuhi ya Kiangazi hapa kwetu. Maji huganda, na mtoto aweza kufa. Alimkuta mtoto mchanga mgonjwa aliyefungwa magazeti. Basi yeye na wenzake walitangaza kwamba wamelishika jengo hilo kwa udhamini: wapangaji wote watalipa kodi kwao, nayo itatumika kutengeneza nyumba.

Hapa yatupasa kusema ukweli wote. Mwenye jengo alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 80, mgonjwa, naye mwenyewe karibu maskini kama wapangaji wake. Jaji mmoja wa shirikisho, naye mtu mweusi, alisema huo ni wizi. Matengenezo yalikula fedha nyingi kuliko kodi iliyokusanywa, na mpango haukudumu. Kwa maoni yetu Dkt. King alifanya haraka. Angetafuta kwanza ni nani hasa anayenufaika na nyumba hizo. Lakini waliomcheka hawakuwa wamemshika yule mtoto mikononi.

Lililofaulu zaidi halikuwa la Dkt. King peke yake. Katika upande wa East Garfield Park wapangaji walijiunga katika chama, wakazuia kodi kwa pamoja, na mwaka huohuo wa 1966 kampuni ya nyumba ikakubali kutia sahihi mapatano nao. Mpangaji mmoja anayezuia kodi hutolewa nje pamoja na godoro lake. Jengo zima likizuia, mwenye nyumba huketi mezani.

Nasi tuliona jambo la namna hiyo. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko lilipasua nyumba nyingi za mkoa wetu wa Kagera. Vijana watatu waliokuwa wamekodi nyumba moja walitujia. Ukuta wa chumba cha kulala ulikuwa na ufa wa kupitisha mkono, na mwenye nyumba alikwisha kula kodi ya mwaka. Kila mmoja alikuwa amekwenda kwake peke yake kuomba, na kila mmoja alijibiwa kivyake. Tuliwashauri waandike barua moja yenye sahihi tatu, waeleze ufa ulivyo, watoe siku za kutengeneza, na nakala wampelekee mwenyekiti. Walirudishiwa kodi ya miezi iliyobaki, si yote, wakahama pamoja. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yahesabu kuwa nyumba au chumba cha kuishi kiwe kinafaa kukaliwa siku ya kuingia na muda wote wa mkataba.

Huko Marekani sheria ilichelewa. Tarehe 5 Agosti 1966 Dkt. King alipigwa jiwe la kichwa akiandamana Chicago kudai watu weusi wauziwe na kupangishiwa nyumba popote. Aliuawa kwa risasi Memphis tarehe 4 Aprili 1968, akiwa na miaka 39. Siku saba baadaye Rais Johnson alitia sahihi sheria ya kukataza ubaguzi katika nyumba. Mwaka 1970 mahakama ya rufani ya Washington, na mwaka 1972 mahakama kuu ya jimbo la Illinois, ambamo Chicago imo, ziliamua kwamba kodi na usalama wa nyumba ni ahadi mbili zinazotegemeana. Mwenye nyumba akivunja yake, mpangaji hafungwi na yake kama zamani.

Jengo la mtaa wa Hamlin lilibomolewa baadaye, na kiwanja kikakaa kitupu miaka mingi. Mwaka 2011 zilifunguliwa hapo nyumba mpya za kupangisha kwa watu wa kipato kidogo, nazo zina jina lake.