Jakob Fugger, Mjukuu wa Mfumaji

Tukisimulia mpasuko wa Kanisa katika karne ya 16 huwa tunamtaja Luther na mapapa wa wakati ule. Ni mara chache tunamkumbuka mfanyabiashara aliyeketi nyuma yao na daftari lake la hesabu, Jakob Fugger wa Augsburg, Ujerumani.

Babu yake, Hans, alikuwa mfumaji aliyeingia mjini humo mwaka 1367. Jakob, aliyezaliwa mwaka 1459, aliandaliwa kwa utumishi wa Kanisa. Lakini kaka zake kadhaa walipofariki, aliiacha njia hiyo akashika biashara ya familia.

Zama hizo heshima ya mtu ilitokana na ukoo na ardhi. Hata hivyo, wafalme walihitaji fedha taslimu za kulipa askari, na fedha hizo zilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara. Fugger aliwakopesha watawala wa Tirol, nao wakamlipa kwa madini ya migodi yao. Kaisari Maximilian, mdaiwa wake, alimwingiza katika tabaka la makabaila mwaka 1511. Mwaka 1519 Karoli V alichaguliwa kuwa mfalme kwa gharama ya florini zaidi ya 850,000, na zaidi ya 540,000 kati ya hizo zilitoka kwa Fugger. Mjukuu wa mfumaji sasa alimdai mtawala mkuu wa Ulaya! Wakati huohuo wafumaji wengi wa Augsburg walikuwa wakipokea pamba kwa mkopo kutoka kwa matajiri, hata kitambaa kikawa na mwenyewe kabla hakijafumwa.

Kanisa nalo halikubaki pembeni, na sisi mapadre hatuna budi kulisema waziwazi. Askofu Mkuu Albrecht wa Mainz alikopa kwa Fugger ili kuilipa Roma gharama za cheo chake. Nusu ya mapato ya rehema zilizohubiriwa mwaka 1517 ilikwenda kulipa deni hilo, na nusu nyingine ikajenga Basilika la Mtakatifu Petro. Hayo ndiyo mahubiri yaliyomchochea Luther.

Wakulima walipoasi mwaka 1525, fedha za Fugger zilisaidia kuwalipa askari waliowazima. Yeye mwenyewe alifariki tarehe 30 Desemba mwaka huohuo, bila mtoto wa ndoa.

Je, alikuwa mtu wa Mungu? Sithubutu kumhukumu. Lakini aliacha pia kijiji cha Fuggerei, kilichowekewa hati mwaka 1521 kwa ajili ya Wakatoliki maskini wa Augsburg, hasa wafanyakazi walioelemewa na madeni au magonjwa. Kodi ilikuwa guldeni moja kwa mwaka, pamoja na kumwombea mfadhili kila siku kwa Baba Yetu, Salamu Maria na Nasadiki. Kijiji hicho kingalipo, kodi yake ni senti 88 za euro kwa mwaka, na wakazi wake bado wanamwombea.