Daktari wa ndui aliyefumbua siri ya mwanga wa miche

UKIPANDA ngazi za ploti yoyote pale Langas, Kapsoya au Annex mjini Eldoret kati ya Januari na Machi, usishangae kukuta trei za miche dirishani. Nyanya, hoho, kabichi, sukuma. Kijana wa mjini asiye na shamba ameshajua kwamba mvua ya masika ikianza, wenye mashamba ya Uasin Gishu watatafuta miche, na mche hauhitaji ekari. Unahitaji trei, udongo mzuri na mwanga. Hapo kwa mwanga ndipo pesa za wengi hupotelea.

Zangu zilipotelea hapo. Keja yangu ilikuwa inatazamana na ukuta wa jirani, jua halifiki. Muuzaji mmoja wa vifaa vya stima akaniambia miche inataka joto, hasa na baridi hii yetu, nami nikabeba balbu ya wati 100, ile ya kizamani yenye mwanga wa manjano. Baada ya wiki mbili miche ilikuwa mirefu na myembamba kama uzi, imepauka, kisha ikalala chini yote. Tokeni nazo zilikuwa zimeisha. Baadaye ndipo nikasoma habari za mtu aliyelijibu swali langu, kama ni joto au ni mwanga, mwaka wa 1779, kabla stima haijaingia nyumba ya mtu yeyote duniani.

Jina lake ni Jan Ingenhousz. Jina gumu, lakini kama ulisoma fizikia sekondari, tayari mmekutana. Lile jaribio la fito za metali mbalimbali zilizopakwa nta, zinatiwa joto upande mmoja ili muone nta ya ipi itayeyuka mbali zaidi, ni lake. Ila darasani wengi wetu tulipewa jaribio bila kupewa mwenyewe.

Alizaliwa Desemba 8, 1730 mjini Breda, Uholanzi. Familia yake ilikuwa ya Wakatoliki katika nchi iliyoongozwa na Waprotestanti, na kwa Mkatoliki milango mingi ya kazi za umma ilikuwa imefungwa. Akaenda kusoma udaktari Leuven, akamaliza mwaka wa 1753, akaongeza masomo Leiden, halafu akarudi nyumbani kutibu watu. Angeweza kukaa hapo hadi uzee. Alikuwa na wagonjwa, alikuwa na jina, na muda wa ziada aliumalizia kwenye mitambo ya umeme aliyopenda kuichezea. Lakini baba yake alipofariki mwaka wa 1764, akafunga virago akaenda London. Huko alikuwa na mwenyeji, John Pringle, daktari wa jeshi aliyefahamiana na familia yao zamani, wanajeshi wa Uingereza walipopiga kambi karibu na Breda. London ndiko alikokutana pia na Benjamin Franklin, yule Mmarekani wa umeme wa radi, wakawa marafiki hadi kifo.

Kazi iliyompa umaarufu haikuwa ya mimea hata kidogo. Ilikuwa ndui. Enzi hizo chanjo kama tunayoijua haikuwepo. Daktari alichukua usaha wa mgonjwa mwenye ndui nyepesi, akamchanja nao mtu mzima wa afya kwa ncha ya kisu au sindano. Ukibahatika uliugua kidogo, ukapona, na ndui haikukugusa tena. Usipobahatika ulikufa. Ingenhousz alikuwa na mkono mwepesi. Mwaka wa 1768, yeye na Thomas Dimsdale waliwachanja wanavijiji wapatao 700 katika jimbo la Hertfordshire.

Mwaka huohuo akaitwa Vienna. Malkia Maria Theresa wa Austria alikuwa amezikwa na ndui nusu: mwaka uliotangulia yeye mwenyewe aliugua akaponea chupuchupu, na kwa miaka sita ugonjwa huo ulikuwa umemnyang'anya watoto watatu. Sasa alitaka waliobaki wachanjwe. Hebu jiweke kwenye viatu vya daktari huyo. Ni mgeni, hana ukoo pale, na anamtia mtoto wa mfalme ugonjwa kwa mkono wake mwenyewe huku madaktari wa nchi wakimsubiri ateleze. Alianza na watoto wa maskini kwanza, jambo ambalo leo lingemfikisha mahakamani, na kwa haki. Kisha akawachanja wana wa malkia. Wakapona wote. Malkia akamfanya daktari wa jumba la kifalme na kumpa gulden 5,000 kila mwaka, maisha yake yote.

Pesa hizo ndizo zilizonunua muda. Mwaka wa 1775 alimwoa Agatha Maria Jacquin, dada wa mtaalamu wa mimea Nikolaus Jacquin. Hawakujaliwa watoto. Na nyumba ikiwa na shemeji wa namna hiyo, si ajabu mazungumzo yaliangukia majani.

Kulikuwa na fumbo wakati huo. Mwingereza Joseph Priestley alikuwa ameonyesha kwamba ukiweka tawi la mnanaa ndani ya chupa yenye hewa iliyochafuliwa na mshumaa, baada ya siku kadhaa hewa hiyo inafaa tena. Shida ni kwamba jaribio lilikuwa na vigeugeu. Leo mmea unasafisha hewa, kesho mmea huohuo unaichafua zaidi. Wengine walirudia wakapata kinyume kabisa.

Kiangazi cha 1779 Ingenhousz alikuwa Uingereza. Akapanga nyumba mashambani, nje kidogo ya London, akajifungia na majani, maji na vyombo vya kioo. Kwa takriban miezi mitatu alifanya majaribio zaidi ya 500. Njia yake ni rahisi kiasi kwamba unaweza kuirudia leo kwa glasi ya jikoni: tumbukiza jani bichi ndani ya maji, weka juani, utaona viputo vidogo vikijipanga juu ya jani. Peleka kivulini, vinapungua. Weka gizani, vinakoma. Viputo hivyo ni oksijeni.

Akauliza tena swali ambalo yule muuzaji wangu alilikosea. Jua hutoa vitu viwili kwa pamoja, mwanga na joto. Ni kipi kinachofanya kazi? Akajaribu joto pasipo mwanga wa jua, hakupata kitu. Ni mwanga. Tena si mmea wote unaofanya kazi hiyo, ni sehemu za kijani pekee, yaani majani na vikonyo. Mizizi, maua na matunda huchafua hewa mchana na usiku. Kufikia Oktoba mwaka huohuo kitabu chake kilikuwa kimeshachapishwa. Oktoba! Mtu wa siku hizi hangekuwa amemaliza kuandika ombi la ufadhili.

Sasa rudi dukani Eldoret ukiwa na habari hizo. Balbu ya manjano ya kizamani hugeuza sehemu kubwa ya stima yake kuwa joto, kwa hivyo unalipia kitu ambacho jani halikukiomba. Unachotaka ni taa ya LED nyeupe, ile ambayo pakiti imeandikwa mwanga wa mchana au 6500K. Zile taa za zambarau zinazouzwa bei ghali zina asili yake: mwaka wa 1882 Mjerumani Theodor Engelmann aligawanya mwanga kuwa rangi za upinde wa mvua, akaona mmea unatoa oksijeni nyingi zaidi kwenye nyekundu na buluu. Ni kweli. Lakini mwanga mweupe wa LED una nyekundu na buluu ndani yake, na kwa mche wa wiki nne au sita unatosha. Zaidi ya hayo, chini ya taa nyeupe utaona jani likianza kugeuka njano. Chini ya zambarau kila kitu kinafanana.

Kinachowaangusha wengi ni umbali. Mwanga hufifia haraka unapoondoka kwenye taa. Balbu ya darini inayokutosha kusoma gazeti ni giza kwa mche. Ishushe hadi sentimita 15 hivi juu ya majani, na uipandishe kadiri miche inavyokua. Iwashe saa 14 hadi 16, halafu uzime usiku. Taa ya wati 20 ikiwaka saa 15 inakula uniti 0.3 kwa siku, yaani uniti 9 kwa mwezi. Balbu yangu ya wati 100 ingekula 45. Na kabla ya kuuza, itoe miche nje kidogo kidogo kwa siku saba au kumi, maana mji huu uko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari na jua la saa sita huchoma majani yasiyolizoea.

Umaarufu wa kitabu ulimletea Ingenhousz kesi zisizoisha. Priestley aliona kwamba sifa ni zake. Jean Senebier wa Geneva naye akaonyesha kwamba mmea hauwezi kufanya kazi hiyo bila kaboni dayoksaidi, wakabishana kwa miaka. Mwaka wa 1796 Ingenhousz mwenyewe aliandika kwamba mmea huvuta kaboni yake hewani. Na kuna hofu moja aliyoiacha nyuma, ile ya mimea kuchafua hewa usiku. Hata leo kuna mama atakayekuamuru utoe maua chumbani kabla ya kulala. Ingenhousz aliieleza vizuri: kiasi kinachochafuliwa usiku ni kidogo sana kikilinganishwa na kile kinachosafishwa mchana. Lala na trei zako kwa amani.

Mwisho wake haukuwa mtamu. Mapinduzi ya Ufaransa yalipolipuka Julai 1789, alikuwa Paris, safarini. Akaondoka haraka kupitia Uholanzi hadi Uingereza, na Ulaya ikaingia vitani. Hakurudi tena Vienna. Agatha alibaki huko, hawakuonana tena.

Kuna doa moja pia, na itakuwa uongo kuliruka. Mwaka wa 1798 Edward Jenner alipotangaza chanjo mpya ya ndui, iliyotokana na ndui ya ng'ombe na iliyokuwa salama kuliko ya zamani, mmoja wa waliomwandikia kuipinga alikuwa Ingenhousz. Mtu aliyehatarisha kila kitu kwa ajili ya kuchanja alikataa chanjo bora kuliko yake.

Alifariki Septemba 7, 1799 katika jumba la Bowood, Wiltshire, alikokuwa mgeni wa Markwisi wa Lansdowne. Katika jumba hilohilo, miaka 25 kabla, Priestley alikuwa ameinasa oksijeni ndani ya chupa. Ingenhousz alizikwa Calne, mji mdogo ulio karibu.