Matt Talbot: Saidia Fundi Aliyegonga Mlango wa Seminari



Mpendwa msomaji, maisha tunayoyatazama safari hii ni ya mlei, kibarua wa kubeba mizigo. Hakuoa, hakuanzisha shirika, hakuandika kitabu na hakuhubiri popote. Anaitwa Matt Talbot, wa jiji la Dublin nchini Ayalandi. Wana-Lejio ya Maria wanalijua jiji hilo, kwa sababu utume wao ulianzia huko mwaka 1921, Matt akiwa bado hai. Leo watu wanaopambana na ulevi na dawa za kulevya katika nchi nyingi humkumbuka katika sala zao.

Nimemchagua kwa ajili ya pwani yetu, kuanzia Kilwa hadi Lindi. Kuna familia huku zenye kijana aliyemezwa na unga, au baba asiyeweza kuamka bila gongo. Familia hizo haziulizi kama ulevi ni dhambi, maana jibu wanalo tangu utotoni. Wanauliza wampeleke wapi. Matt alipofika mwisho wa nguvu zake alijua pa kwenda, na palikuwa karibu na kwao. Hapo ndipo maisha yake yanapotugusa.

Utoto

Matt alizaliwa tarehe 2 Mei 1856, mtoto wa pili kati ya watoto kumi na wawili wa Charles na Elizabeth Talbot. Njaa kuu iliyoanza mwaka 1845 ilikuwa bado mbichi katika kumbukumbu za watu, na mitaa ya Dublin ilijaa maskini. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa bandarini na mnywaji. Familia ilihama nyumba mara nyingi, na mzigo wa malezi ukamwelemea mama. Watoto wa kiume karibu wote walifuata nyayo za baba. Kaka mkubwa, John, ndiye aliyesalimika.

Shule aliisoma kidogo sana, kwa Mabruda wa Kikristo. Alipofika miaka kumi na miwili aliacha, akaenda kutafuta kazi. Kusoma kulikuwa kwa kubahatisha, na hali hiyo ilidumu hadi alipokuwa mtu mzima.

Kazi iliyomfundisha kunywa

Mwaka 1868 aliajiriwa na wafanyabiashara waliokuwa wakijaza bia kwenye chupa. Mtoto wa miaka kumi na miwili akawa anashinda katikati ya harufu ya pombe, akionja mabaki ya chupa. Haukupita muda akaanza kurudi nyumbani amelewa. Baba yake alimchapa, kisha akamhamishia bandarini ili amwangalie kwa karibu. Ila bandarini kulikuwa na maghala ya wiski, na Matt akatoka kwenye bia akaingia kwenye wiski.

Jambo hili tunalifahamu. Kwetu, msimu wa korosho unapofika, mabibo hutapakaa chini ya mikorosho, na mabibo hayo ndiyo uraka, na uraka ukitoneshwa ndiyo nipa. Kwenye minazi kuna tembo. Pombe haiji kwa kijana kutoka mbali. Iko mahali pa kazi, na inamfikia mapema kuliko mshahara wake wa kwanza.

Baadaye Matt alifanya kazi ya saidia fundi, akiwabebea waashi matofali na udongo begani. Alikuwa hodari, na hata siku alizokunywa kupita kiasi hakukosa kazini asubuhi. Kila Jumamosi alipokea ujira, akaupeleka baa, akanywa na wenzake hadi uishe. Ulipoisha alikopa. Alipokosa wa kumkopesha aliuza viatu vyake akarudi nyumbani peku. Siku moja yeye na wenzake waliiba fidla ya mtu maskini aliyejipatia riziki kwa kupiga muziki barabarani, wakaiuza, wakainywa.

Hakuwa mtu mbaya. Wenzake walimpenda kwa sababu alikuwa mkarimu: akiwa na fedha hakumwacha mtu na kiu. Jambo hili tulikumbuke tunapowaona vijana tunaowaita mateja wamejikunyata vibarazani. Uraibu haumchagui mtu mwenye roho mbaya. Huvuruga utashi wa mtu yeyote, ukamwacha anajua lililo jema na hawezi kulitenda. Sisi tunaosoma falsafa hukaa darasani saa nyingi tukijadili udhaifu wa utashi. Matt aliishi ndani ya swali hilo kwa miaka kumi na sita.

Jumamosi ya mwaka 1884

Mwaka 1884 Matt alikuwa na miaka ishirini na minane. Juma moja hakuwa na kazi, hivyo Jumamosi ilipofika hakuwa na fedha. Alikwenda kusimama karibu na baa, mahali ambapo wenzake wangepita na ujira wao. Aliwanywesha watu hao mara nyingi, akaamini kwamba leo wao watamkaribisha. Walipita mmoja mmoja. Wengine walimsalimu, hakuna aliyemwita ndani.

Alirudi nyumbani mapema, akiwa hajalewa. Mama yake alishangaa. Matt akamweleza kwamba anakwenda kuweka ahadi ya kuacha pombe. Mama hakushangilia. Alimkubalia kwa jina la Mungu, lakini akamwonya asiiweke ahadi hiyo kama hana nia ya kuishika. Mwanamke huyo alikuwa ameona ahadi nyingi zikivunjwa chini ya dari lake.

Nchini Ayalandi ahadi ya namna hiyo ilikuwa jambo linalojulikana. Tangu mwaka 1838, Padre Theobald Mathew, Mkapuchini wa mji wa Cork, alikuwa amewaongoza watu wengi sana kuahidi mbele ya Mungu kuacha pombe. Kwa hiyo Matt hakuhitaji kuulizia wala kusafiri. Alitembea mwendo mfupi hadi seminari ya jimbo, Holy Cross College, eneo la Clonliffe, akagonga mlango. Padre mmoja alimpokea, akamwungamisha, akampa ahadi ya miezi mitatu. Kesho yake, Jumapili, alipokea Komunyo Takatifu.

Angalia hekima ya padre huyo. Hakumtaka mtu aliyekuwa akitetemeka kwa kiu aahidi maisha yote jioni ile. Alimpa kipimo ambacho mtu anaweza kukiona mwisho wake. Miezi mitatu ilipopita, Matt aliongeza muda, na baadaye akaahidi kwa maisha yote.

Miaka arobaini na moja

Miezi ya mwanzo ilikuwa migumu. Jioni, saa ambazo alizoea kuwa baa, alitembea mitaani na kuingia kanisani hadi kiu ipungue. Aliona kwamba fedha mfukoni ni mtego, akaacha kabisa kutembea nazo. Alizunguka baa moja hadi nyingine akilipa madeni. Alimtafuta kwa miaka yule mpiga fidla asimpate, akaamua kumtolea Misa.

Kila alfajiri alihudhuria Misa ya saa kumi na moja kabla ya kazi. Misa hiyo ilipoondolewa kwenye ratiba mwaka 1892, alibadili kazi. Alihamia kwenye ghala la mbao la T. & C. Martin, ambako kazi ilianza baadaye kidogo, ili asiikose Misa. Mwaka 1890 alikuwa amejiunga na Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko.

Hakutembea peke yake. Kiongozi wake wa kiroho alikuwa Padre Michael Hickey, mwalimu wa falsafa katika seminari ileile ya Clonliffe. Kibarua asiyemaliza shule akawa anasoma taratibu, neno kwa neno, Maungamo ya Mtakatifu Agostino na maisha ya watakatifu. Alipokwama aliuliza. Natamani kila mwalimu wetu na kila mseminari aikumbuke picha hiyo: profesa wa falsafa na mbeba mbao, wakiwa wameinamia kitabu kimoja.

Maisha yake yalikuwa ya ukali. Alilala juu ya ubao, alifunga sana, na sehemu kubwa ya ujira wake aliitoa. Wakati wa mgogoro mkubwa wa wafanyakazi wa Dublin mwaka 1913, alichopata alikigawa kwa wenzake wenye watoto. Alichangia pia kazi ya wamisionari.  

Mama yake alifariki mwaka 1915, na tangu hapo Matt aliishi peke yake. Kuanzia mwaka 1923 afya yake ilidhoofika, akalazwa hospitalini. Tarehe 7 Juni 1925, Jumapili ya Utatu Mtakatifu, alianguka na kufa katika kichochoro cha Granby Lane akiwa njiani kwenda Misa. Hakuna aliyemtambua. Hospitalini walipomvua nguo walikuta minyororo mwilini mwake, aliyoivaa kama ishara ya kujitoa kwa Mungu kwa mikono ya Bikira Maria. Tarehe 3 Oktoba 1975 Papa Paulo VI alitambua kwamba aliishi fadhila za Kikristo kwa kiwango cha kishujaa. Bado hajatangazwa mwenye heri.

Sisi wa pwani

Wapo watakaosoma maisha haya wakasema: basi, dawa ni sala na ahadi, mtu ajikaze. Tusimtumie Matt kuwaumiza wagonjwa. Alipata neema, na sala ilimshika mkono hadi mwisho. Lakini mtu aliyekunywa kwa wingi kila siku kwa miaka, akiacha ghafla, anaweza kupata mishtuko kama ya kifafa, kuchanganyikiwa, hata kufa. Huyo aonwe kwanza na mganga. Kumfungia mtu chumbani au kumfunga kamba ili arosti imtoke siyo tiba. Minyororo ya Matt aliivaa mwenyewe kwa hiari. Hatuna ruhusa ya kumvisha mwingine.

Wakati wa Matt tiba ya hospitali ya aina tunayoijua haikuwepo. Leo ipo. Februari 2011 Hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadone kwa waraibu wa heroini, na huduma hiyo imeenea katika mikoa kadhaa. Ni dawa ya maji. Mgonjwa huinywa kituoni kila siku mbele ya mhudumu, bila malipo, na humwondolea arosti ili aweze kufanya kazi na kuishi na watu. Dodoma ipo Hospitali ya Mirembe na kituo chake cha Itega. Zipo pia nyumba za upataji nafuu, ambazo wengi huziita soba, ambako waraibu huishi pamoja kwa miezi wakisaidiana. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina simu ya bure, namba 119, ambayo mtu anaweza kupiga kuomba ushauri.

Shida yetu ni umbali. Kutoka Kilwa Masoko hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 300. Dawa inayonywewa kila siku haiwezi kufuatwa kwa basi. Anayekwenda lazima ahamie huko, apate pa kulala na mtu wa kumtazama. Hapo wengi hukata tamaa kabla ya kuanza. Ndiyo maana mlango wa kwanza lazima uwe karibu: Hospitali ya Kinyonga pale Kivinje, Nyangao, Sokoine mjini Lindi, au zahanati ya kijiji, mahali ambapo mgonjwa atapimwa na kuelekezwa kwa barua, siyo kwa kuonyeshewa barabara tu.

Na parokia? Huku pwani majirani zetu wengi ni Waislamu, na kwao aibu ya kuwa na mlevi nyumbani inaweza kuwa nzito zaidi. Mama wa Kivinje anayelia kwa ajili ya mwanawe ni mama yetu, awe anakwenda msikitini au kanisani. Paroko na sheikh wanaweza kukaa kibaraza kimoja wakapanga nani atamsindikiza kijana huyo hospitali, nani atachangia nauli, na nani atamtembelea akirudi. Hilo la kurudi tusilisahau. Matt alikaa na ahadi yake miaka arobaini na moja kwa sababu kulikuwa na kanisa lililo wazi alfajiri, padre wa kumsikiliza, na kitabu cha kusoma jioni. Kijana akitoka soba akirudi kibarazani kwa wenzake wale wale, bila kazi na bila wa kumwita, tumemrudisha kwenye kona ileile ya Dublin.

Naomba kila jumuiya ndogo ndogo ifanye mambo matatu mwezi huu. Ijue kwa jina mhudumu wa afya wa kumwona mtu wa namna hii anapojitokeza. Iulize kuhusu soba iliyo karibu na kuhakikisha kwamba imesajiliwa, kabla familia haijatoa fedha. Na ichague mtu mmoja mwenye siri na subira, ambaye mraibu anaweza kumgongea mlango hata Jumamosi usiku.

Sisi waseminari tunayo kazi yetu. Seminari ya Clonliffe ilimpa Matt muungamishi, na baadaye mwalimu wa falsafa wa kumsindikiza. Wala haikumwuliza kwa nini anakuja na nguo chafu. Siku mtu anayetetemeka atakapofika getini kwetu, asimkute mlinzi peke yake.