Stanley Matthews, Winga wa Miaka Hamsini

Likizo iliyopita nilimcheka baba yangu mbele ya watu, na kwa sababu hiyo nimeandika habari za Mwingereza mmoja aliyefariki kabla mimi sijazaliwa.

Ilikuwa hivi. Kijijini kwetu Jumapili jioni wazee walicheza mpira na vijana. Baba ana miaka 49. Zamani alikuwa winga wa timu ya wilaya, na hata leo wazee wenzake humwita kwa jina lake la uwanjani. Basi akapewa mpira pembeni, akamtazama beki, mtoto wa jirani yetu, akataka kuchomoka kama alivyozoea. Kichwa kikaenda, mikono ikaenda, mguu ukachelewa kidogo tu, naye akaanguka kifudifudi. Nikacheka, na kicheko changu ndicho kilichosikika kwanza. Usiku ule baba alikula bila kunisemesha.

Niliporudi shuleni nikamwuliza mwalimu wetu wa baiolojia: inakuwaje mtu mwenye nguvu za kulima tangu alfajiri mpaka adhuhuri ashindwe na hatua tatu? Akanieleza, kisha akaniambia nisome maisha ya Stanley Matthews.

Matthews alizaliwa tarehe 1 Februari 1915 huko Hanley, katika mji wa Stoke-on-Trent nchini Uingereza, penye viwanda vya vyombo vya udongo. Baba yake alikuwa kinyozi, tena mpigana ngumi mwenye sifa, ambaye aliwaamsha wanawe mapema asubuhi wafanye mazoezi ya viungo. Desturi hiyo Stanley hakuiacha. Siku aliyotimiza miaka 17 alitia sahihi kuwa mchezaji wa kulipwa wa Stoke City, na mwaka 1934, akiwa na miaka 19, aliichezea Uingereza kwa mara ya kwanza, dhidi ya Wales, akafunga bao. Mwaka 1938 alipotaka kuhama, watu wapatao elfu tatu walifanya mkutano wa hadhara mjini Stoke kumzuia, naye akabaki. Kisha vita vikaja. Tangu miaka 24 mpaka 31, umri ambao mchezaji huwa katika ubora wake, ligi ilisimamishwa, na yeye akatumikia jeshi la anga. Mwaka 1947 timu ya Blackpool ikamnunua kwa paundi 11,500. Alikuwa na miaka 32, na wengi walidhani amebakiza msimu mmoja au miwili.

Hapa niruhusuni niache hadithi kidogo, nieleze niliyofundishwa. Msuli si kitu kimoja, ni mafungu ya nyuzi. Ziko nyuzi za polepole, zisizochoka upesi, ambazo ndizo za kutembea na kulima. Ziko na nyuzi za kasi, za kuruka, kurusha na kuchomoka. Umri ukienda, zinazonywea zaidi ni hizi za kasi. Baadaye, hasa mtu akipita miaka 60, hata seli za fahamu zilizomo katika uti wa mgongo, zile zinazoiamrisha misuli, hufa mojamoja. Nyuzi zinazoachwa yatima hudandiwa na mishipa ya fahamu ya jirani, mara nyingi ile ya polepole. Ndiyo maana nguvu za kubeba gunia hupungua taratibu, lakini nguvu za ghafla hupungua mapema zaidi na kwa haraka zaidi.

Kilichonishangaza zaidi ni habari ya kupokezana. Mtu akichomoka, msuli wa mbele ya paja na ule wa nyuma hauna budi kusikilizana: mmoja ukivuta mwingine ulegee, na mambo yote hayo hutendeka katika sehemu ndogo ya sekunde. Mtu akizidi kuzeeka, misuli hiyo miwili huelekea kukaza pamoja, kama dereva akanyagaye mafuta na breki kwa wakati mmoja. Nguvu nazo hukawia kujaa. Hata mabingwa wa mbio fupi wanaoendelea kukimbia uzeeni, mguu wao hukaa chini muda mrefu zaidi katika kila hatua, na hatua yenyewe hufupika. Lakini ubongo bado unaukumbuka mwili wa zamani, na hutoa amri kwa mwili ule. Nilipoyasikia haya nilimwona baba tena akiwa kifudifudi, wala sikucheka.

Sasa turudi kwa Matthews, maana yeye hakuwa na misuli ya chuma. Alizeeka kama wengine. Ila alijua ni kitu gani hasa anachokihitaji, nacho ni hatua chache za kwanza tu. Mchezo wake ulikuwa hivi: humwendea beki polepole, mpira mguuni, karibu na kusimama. Huinamisha mwili kushoto, na beki akishauegemeza uzito wake upande huo, Matthews huusukuma mpira kwa upande wa nje wa mguu wa kulia, akachomoka kulia. Beki huwa amekwisha potea, kwa kuwa mtu aliyeegemea mguu mmoja hawezi kugeuka mpaka kwanza aurudishe uzito wake. Kwa njia hii, mzee wa kasi pungufu alimshinda kijana wa kasi kamili, kwa kuwa kijana aliondoka akiwa amechelewa. Matthews hakuhangaika kurudi nyuma kunyang'anya mipira, na mipira ya kichwa aliwaachia wengine. Mimi naona huo haukuwa uvivu. Alikuwa akiiweka akiba michomoko yake.

Tena aliifanyia kazi. Huko Blackpool alikwenda ufukweni asubuhi na mapema kukimbia, na mbio zake zilikuwa fupi za nguvu, kwa sababu anayezoea kwenda polepole mwili wake nao huzoea hivyo. Hakunywa pombe, siku ya Jumatatu alifunga asile kitu, na alivaa viatu vyepesi wakati wenzake walivaa vizito. (Jina lake lilitumika kutangaza sigara, naye hakuwa mvutaji. Hilo silisifu.)

Tarehe 2 Mei 1953, katika fainali ya Kombe la Chama cha Mpira pale Wembley, Blackpool walikuwa nyuma kwa 3 kwa 1 dhidi ya Bolton, na dakika zilizobaki zilizidi ishirini kidogo. Matthews alikuwa na miaka 38, na fainali mbili za kombe hilo, za 1948 na 1951, alikuwa amekwisha shindwa. Beki aliyemkabili alikuwa kijana kwake, lakini misuli ya mguu ilikuwa imembana akawa anachechemea, na haki ni kulisema hilo. Matthews akampita mara kwa mara upande uleule. Blackpool wakashinda 4 kwa 3. Watu huiita fainali ya Matthews, ingawa Mortensen ndiye aliyefunga mabao matatu, na la mwisho lilifungwa na Perry, mzaliwa wa Afrika Kusini. Nikiwa Mortensen ningenung'unika.

Mei 1956, akiwa na miaka 41, alimsumbua sana Nílton Santos, beki maarufu wa Brazil, ambaye alikuwa mdogo kwake kwa miaka kumi, na Uingereza ikashinda 4 kwa 2. Mwaka huohuo akawa mtu wa kwanza kupewa tuzo ya mchezaji bora wa Ulaya. Mwaka 1957 alikuja Ghana, iliyokuwa imepata uhuru miezi michache tu nyuma, akaichezea Hearts of Oak. Mwaka 1961 akarudi Stoke City, iliyokuwa daraja la pili, na watazamaji waliokuja kumlaki walizidi 35,000. Mwaka 1963 Stoke wakapanda daraja naye ana miaka 48. Tarehe 6 Februari 1965, siku tano baada ya kutimiza miaka 50, akacheza mchezo wake wa mwisho wa ligi dhidi ya Fulham, wakashinda 3 kwa 1. Magoti yalikuwa yakimsumbua, na hatua zile za kwanza zilikuwa zimebaki chache.

Baadaye alifundisha vijana weusi wa Soweto wakati wa ubaguzi wa rangi, na mwaka 1975 akaipeleka timu yao mpaka Brazil. Alifariki tarehe 23 Februari 2000.

Nimemwandikia baba barua ya kumwomba radhi, na gazeti hili likitoka nitampelekea nakala. Jambo moja tu nalisitasita. Mwaka 1985 Matthews alicheza tena, huko Brazil, pamoja na wakongwe wenzake dhidi ya wakongwe wa Brazil, akaumia gegedu ya goti. Alikuwa na miaka 70. Baba akilisoma hilo, najua Jumapili itakayofuata atakuwa uwanjani.